Kutoka Lahore hadi Bangkok: kwa nini Mkristo anayekimbia huchukua miaka kutambuliwa kuwa mkimbizi

Familia ya Kikristo inayoikimbia Pakistan mara nyingi haianzii Kanada wala Uingereza. Inaanzia Bangkok, mji mkuu wa Thailand. Baba, mama na watoto wanapanda ndege wakiwa na viza ya utalii, wanashuka katika nchi ya Kibuddha wasiyoijua lugha yake, na siku viza inapokwisha wanakuwa wavunjaji wa sheria ya uhamiaji. Wanaosikia habari hizi huuliza maswali mawili, na yote mawili yana msingi. Kwa nini waende huko? Na kwa nini nchi zenye kanisa kila mtaa zisiwachukue moja kwa moja?

Majibu yamo ndani ya sheria ya wakimbizi, na sheria hiyo haiendi jinsi waumini wengi tunavyodhani. Haimuulizi mtu kama Wakristo wa kwao wanateswa. Inamuuliza kama yeye mwenyewe, kwa jina lake na kwa yaliyompata, atateswa akirudishwa leo. Kati ya maswali hayo mawili ndipo familia hizi hukwama, wakati mwingine mpaka watoto wakawa watu wazima.

Tuanze na kinachowafukuza. Pakistan ina watu zaidi ya milioni 240, na sensa ya 2023 iliwahesabu Wakristo kuwa zaidi kidogo ya asilimia 1, wengi wao katika jimbo la Punjab. Mababu wa wengi walikuwa watu wa tabaka la chini kabisa waliobatizwa zama za ukoloni wa Waingereza, na ubatizo haukuiondoa dharau waliyokuwa wakitazamwa nayo. Hadi leo kazi ya kufagia barabara na kuzibua mitaro ya maji machafu imewaangukia Wakristo kwa sehemu kubwa, na yamewahi kutoka matangazo ya kazi yanayosema bila kificho kwamba nafasi hizo ni za wasio Waislamu. Familia nyingine zimefungwa na deni kwenye matanuri ya matofali, baba akifa deni linabaki kwa mtoto.

Huo ni ubaguzi, na unauma. Lakini mbele ya afisa wa wakimbizi ubaguzi peke yake kwa kawaida hautoshi. Kinachougeuza kuwa hatari ya kuuawa ni vifungu vya kukufuru vilivyomo katika Kanuni ya Adhabu ya Pakistan. Mzizi wake ni wa kikoloni: Waingereza waliongeza kifungu cha 295-A mwaka 1927 ili kuzuia matusi ya makusudi dhidi ya dini yoyote. Chini ya mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia-ul-Haq, mambo yakabadilika. Mwaka 1982 kikaja kifungu cha 295-B, kifungo cha maisha kwa anayeinajisi Kurani, na mwaka 1986 kikaja cha 295-C, adhabu ya kifo kwa anayemkashifu Mtume Muhammad. Hicho cha mwisho hakidai ithibitishwe kwamba mtuhumiwa alikusudia. Na shahidi akiulizwa ni maneno gani hasa yaliyotamkwa, huweza kukataa kuyarudia akisema kuyarudia nako ni kukufuru.

Serikali ya Pakistan haijawahi kumnyonga mtu kwa kosa hili. Wanaoua ni watu wa mitaani. Na hapa lazima niseme jambo ambalo sisi Wakristo tukilisahau tunawakosea wengine: kundi kubwa zaidi la wanaoshtakiwa kwa kukufuru ni Waislamu wenyewe, na Waahmadiyya, watu wanaojiita Waislamu lakini sheria ya Pakistan haiwatambui hivyo, wameumizwa na vifungu hivi kwa kiwango kikubwa mno kuliko idadi yao. Baadhi ya waliokufa wakiwatetea watuhumiwa nao walikuwa Waislamu. Wakili Rashid Rehman alipigwa risasi ofisini kwake Multan mwezi Mei 2014 kwa kumtetea mhadhiri wa chuo kikuu, Mwislamu, aliyetuhumiwa kukufuru.

Kesi ya Asia Bibi inaonyesha mwendo mzima. Mwezi Juni 2009, katika kijiji cha Ittan Wali wilayani Sheikhupura, alikuwa akichuma matunda na wanawake wenzake, akaleta maji ya kunywa. Baadhi yao wakakataa kuyanywa kwa kuwa yamepita mikononi mwa Mkristo. Maneno yakapandana, na baada ya siku chache akatuhumiwa kumtukana Mtume. Novemba 2010 akahukumiwa kifo. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, aliyemtembelea gerezani na kuipinga hukumu hiyo, aliuawa na mlinzi wake mwenyewe tarehe 4 Januari 2011. Waziri wa masuala ya dini za wachache, Shahbaz Bhatti, Mkatoliki, akauawa tarehe 2 Machi mwaka huohuo. Mahakama ya Juu ilimwachia Asia Bibi tarehe 31 Oktoba 2018, majaji wakisema ushahidi ulikuwa unapingana wenyewe kwa wenyewe. Wafuasi wa Tehreek-e-Labbaik, chama cha Kiislamu chenye msimamo mkali, wakafunga barabara katika miji mikubwa kwa siku kadhaa. Ilibidi asubiri mafichoni hadi Mei 2019 ndipo akasafiri kwenda Kanada. Mahakama ilikwisha kumsafisha, na bado asingeweza kulala nyumbani kwake hata usiku mmoja.

Angalia pia kwamba tuhuma haimshiki mtu mmoja. Gojra mwaka 2009, nyumba za Wakristo zilichomwa na watu wakafia ndani. Machi 2013, ugomvi wa marafiki wawili mjini Lahore uligeuka tuhuma ya kukufuru, na nyumba zaidi ya 100 za mtaa wa Joseph Colony zikateketezwa. Agosti 2023 katika mji wa Jaranwala makanisa zaidi ya 20 yaliharibiwa kwa siku moja pamoja na makazi ya watu, baada ya madai kwamba kurasa za Kurani zimenajisiwa. Anayetajwa ni mmoja, anayechomewa nyumba ni mtaa. Ndiyo maana wanaokimbia ni familia nzima, pamoja na bibi mgonjwa na mtoto wa kunyonya, na pengine kaka ambaye hakuwa na habari yoyote na ugomvi ule.

Sasa kwa nini Bangkok? Tazama ramani. Majirani wa Pakistan ni Afghanistan, Iran, China na India, na si rahisi Mkristo wa Punjab kupata usalama katika yoyote kati ya hizo. Viza ya Uingereza au Kanada hutaka akaunti ya benki yenye fedha na ushahidi kwamba mtu atarudi kwao, vitu ambavyo mfagiaji hana. Hakuna viza inayoitwa ya kuomba hifadhi: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mtu aliyekwisha kuvuka mpaka wa nchi yake, na haumfungulii njia ya kufika anakotaka. Viza ya utalii ya Thailand ilipatikana kwa urahisi zaidi, nauli haikuwa kubwa sana, na Bangkok kuna ofisi ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Kuanzia mwaka 2013 hivi Wakristo wa Pakistan walifika huko kwa maelfu. Wengine walikwenda Malaysia na Sri Lanka. Sri Lanka iliwarudisha baadhi yao kwa nguvu mwaka 2014, na baada ya makanisa na hoteli kulipuliwa siku ya Pasaka 2019, wakimbizi wa Kipakistani wa mji wa Negombo, Waahmadiyya na Wakristo kwa pamoja, walifukuzwa katika nyumba walizopanga na watu wenye hasira, ingawa hawakuhusika kwa lolote.

Thailand haijatia saini Mkataba wa 1951 wala Itifaki yake ya 1967. Sheria yake ya uhamiaji ya 1979 haimtofautishi mkimbizi na mtalii aliyezidisha muda. Barua ya UNHCR inayomtambua mtu kuwa anaomba hifadhi ina uzito mbele ya UNHCR, lakini askari wa uhamiaji hafungwi nayo. Faini ya kuzidisha muda ni baht 500 kwa siku, na mwisho wake ni baht 20,000 kwa kila mtu. Familia yenye watu wazima 6 inafika kwenye deni la baht 120,000 bila kufanya lolote zaidi ya kukaa chumbani. Kufanya kazi ni kosa jingine. Hivyo baba aliyekuwa fundi au mwalimu anashinda ndani, chakula kinategemea kanisa na watu wenye huruma, na kila hodi mlangoni inashtua nyumba.

Wanaokamatwa hupelekwa kituo cha uhamiaji cha Suan Phlu katikati ya Bangkok, mahali ambapo wengi wamelalamikia msongamano, joto na maradhi. Zamani waliwekwa humo hata watoto wachanga. Januari 2019 idara za serikali ya Thailand zilitia saini makubaliano ya kutowafungia watoto, na hilo ni la kushukuru, ingawa mara nyingi maana yake ni mama kutoka na watoto huku baba akibaki ndani. Shule za serikali zinaruhusiwa kumpokea mtoto yeyote, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2008 mtoto anayezaliwa Thailand ana haki ya cheti cha kuzaliwa hata kama wazazi hawana karatasi. Cheti hicho hakimpi uraia.

Wakati huohuo kesi yao inasikilizwa UNHCR, na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mtu anajiandikisha, anapangiwa usaili, anasikilizwa na afisa kwa msaada wa mkalimani, anapata uamuzi, na akikataliwa ana rufaa moja. Rufaa ikishindwa, faili linafungwa. Maombi yalipofurika Bangkok katikati ya miaka ya 2010, kulikuwa na watu waliopewa tarehe za usaili za miaka kadhaa mbele.

Afisa anatafuta nini? Mkataba wa 1951 unamwita mkimbizi mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa, kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni ya kisiasa, ambaye nchi yake haiwezi au haitaki kumlinda. Kila kipande cha maneno hayo kina mtego. Hofu lazima iwepo moyoni, na lazima pia iwe na msingi nje ya moyo. Mateso hayakufafanuliwa katika mkataba, kwa hiyo afisa anapima uzito: kutukanwa na kunyimwa kazi kwa kawaida ni ubaguzi, ilhali kutishiwa kifo ni mateso. Na kama anayetishia ni jirani, mkwe au genge, mwombaji aonyeshe kwamba alikwenda polisi na polisi hawakumsaidia, au kwamba kwenda polisi kungemponza zaidi. Mkristo aliyetuhumiwa kukufuru yuko katika hali hii ya pili. Akikimbilia kituoni, kituoni ndiko kesi itakakofunguliwa dhidi yake.

Mahakama ya rufaa ya uhamiaji ya Uingereza, katika uamuzi wa mwaka 2014 unaoongoza kesi za Wakristo wa Pakistan, ilisema Wakristo wanabaguliwa nchini humo, lakini kuwa Mkristo peke yake hakutoshi kupata hifadhi. Anayeeneza Injili kwa watu asiowajua, au aliyekwisha kutuhumiwa kukufuru, hatari yake ni nyingine. Najua uamuzi wa namna hii unawachoma waumini, nami ulinichoma. Lakini sheria haikutungwa kumhamisha kila anayebaguliwa. Inamtafuta yule ambaye akirudi atadhurika, na mbinu yake ya kumtafuta ni kuuliza maswali madogo madogo: tarehe ngapi, saa ngapi, nani alikuwepo, kwa nini ulikaa wiki mbili kabla ya kuondoka.

Swali linaloangusha wengi kuliko yote ni hili: kwa nini hukuhamia Karachi? Nchi ina watu milioni 240, anaweza kusema afisa, mtu si anapotea tu humo? Sheria inaruhusu kumnyima hifadhi mtu anayeweza kuishi salama sehemu nyingine ya nchi yake, ikiwa si ukatili kumtaka afanye hivyo. Kwa aliyegombana na mwenye nyumba mmoja kijijini, jibu la Karachi huenda likawa sahihi. Kwa aliyefunguliwa kesi ya kukufuru ni hukumu ya kifo. Pasipoti ya Pakistan inaandika dini ya mwenye nayo. Majina kama Masih, yanayobebwa na Wakristo wengi wa Punjab, yanamtambulisha mtu kabla hajafungua mdomo. Asiye na ndugu katika mji mpya hapati chumba bila kuulizwa katoka wapi na kwa nini, na picha yake inaweza kuwa imekwisha kuzunguka kwenye simu za watu.

Zamani wapo waliojibiwa kwamba wakae kimya na imani yao, basi watakuwa salama. Mlango huo umefungwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, na waliosaidia kuufunga ni Wapakistani. Septemba 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Waahmadiyya wawili walioomba hifadhi Ujerumani, iliamua kwamba mamlaka haziwezi kumtaka mtu aache kuabudu hadharani ili aepuke mateso. Faida ya kesi ya Waahmadiyya inamfikia Mkristo pia. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa.

Halafu kuna karatasi. Polisi wa Pakistan wakipokea malalamiko huandika ripoti ya kwanza, maarufu kwa herufi FIR, na yenye kifungu cha 295-C ni ushahidi mzito. Lakini wengi hukimbia kabla haijaandikwa. Wengine, kwa woga au kwa ushauri wa madalali, hununua ya kughushi pamoja na barua ya mchungaji isiyo ya kweli. Maafisa wameziona za kughushi nyingi kiasi cha kuzitilia shaka hata zilizo halali. Karatasi moja ya uongo huweza kuizamisha simulizi iliyokuwa ya kweli, na inawaharibia wanaofuata. Mwongozo wa UNHCR wenyewe unakiri kwamba anayekimbia hufika mikono mitupu mara nyingi, na kwamba akieleza kwa uaminifu na bila kujipinga apewe nafuu ya shaka, yaani shaka inayobaki iamuliwe kwa upande wake. Kwa hiyo simulizi ya kweli isiyo na karatasi ina nguvu kuliko karatasi ya kununua. Mchungaji anayeombwa barua na aandike aliyoyashuhudia kwa macho yake, basi.

Familia husikilizwa kwa kawaida kupitia kiongozi wa nyumba, na wengine hupata hadhi kwa kuwa ni watu wa familia yake. Utaratibu huo unahifadhi umoja wa familia, lakini unaweza kuficha kesi yenye nguvu zaidi. Pengine binti ndiye aliyetekwa na kulazimishwa kuolewa na kubadili dini, na mbele ya baba yake hawezi kuyasema. Ana haki ya kusikilizwa peke yake, na aelezwe hivyo mapema.

Kuna kesi moja inayosaidia kuona mpaka wa mateso uko wapi. Familia ya Romeike, Wakristo wa Ujerumani, iliondoka mwaka 2008 na kwenda jimbo la Tennessee, Marekani, kwa sababu ilitaka kuwasomesha watoto nyumbani, jambo ambalo Ujerumani hairuhusu. Jaji wa uhamiaji aliwapa hifadhi Januari 2010, lakini mahakama ya rufaa ya Marekani ikaikataa mwaka 2013. Hoja yake: sheria ya Ujerumani ya kuhudhuria shule inamhusu kila mzazi, na haikuonyeshwa kwamba inawaandama watu wa dini fulani au kuwaadhibu zaidi. Mwaka 2014 serikali iliamua kutowaondoa nchini, wakabaki bila hadhi ya mkimbizi. Unaweza kuuliza, je, sheria ya Pakistan nayo si ya wote? Kwa maandishi ndiyo. Tofauti iko kwenye adhabu, ambayo ni kifo kwa maneno yanayodaiwa kutamkwa, na kwenye jinsi inavyotumika, kwani kwa Mkristo tuhuma tupu inatosha kuchomewa mtaa.

Tuseme familia imeshinda, UNHCR imewatambua. Bado wako Bangkok na bado hawana ruhusa ya kuishi. UNHCR haina nchi ya kuwapa. Inaweza kupendekeza majina tu, na serikali ndizo zinazochagua, nafasi zikiwa chache mno: katika mwaka wa kawaida wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wa dunia. Njia iliyowaokoa wengi ni ya Kanada, ambako tangu 1979 raia na makanisa wanaweza kuidhamini familia na kuitunza kwa mwaka wa kwanza. Kundi la watu 5 lilitosha, sharti mkimbizi awe amekwisha kutambuliwa na UNHCR au na serikali. Novemba 2024 Kanada ilisitisha kupokea maombi mapya ya makundi hayo kwa sababu yaliyolundikana yalikuwa mengi. Marekani nayo ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025.

Na swali la nchi za Kikristo kuchukua Wakristo tu? Kifungu cha 3 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kuutumia kwa ubaguzi wa dini. Slovakia ilipotangaza mwaka 2015 kwamba itapokea Wasyria 200 walio Wakristo peke yao, ililaumiwa kote Ulaya. Ipo namna nyingine iliyofanikiwa zaidi: sheria ya Marekani ya 1989, iliyobuniwa na Seneta Lautenberg, iliwapunguzia mzigo wa ushahidi Wayahudi na Wakristo wa Kiinjili wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka 2004 ikapanuliwa kwa dini za wachache wa Iran. Iliangalia nani anateswa wapi, si dini gani inapendwa na mpokeaji. Wakristo na Waahmadiyya wa Pakistan hawajawahi kuwekewa kitu kama hicho, nami sioni sababu ya maana ya kuwaacha nje.

Thailand yenyewe imeanza kusogea. Sheria yake ya 2022 dhidi ya mateso na kupotezwa kwa watu inakataza kumrudisha mtu mahali atakapoteswa, na tangu Septemba 2023 kuna utaratibu wa kitaifa wa kuwachuja wanaohitaji ulinzi. Anayekubaliwa hapewi ruhusa ya kazi kwa sababu hiyo peke yake, lakini anaweza kukaa bila kukamatwa. Kuomba kunamtaka ajitokeze mbele ya polisi walewale wa uhamiaji aliowakwepa kwa miaka, na wengi wanapiga hesabu hiyo usiku na mchana kabla ya kuthubutu. Wanaotaka kuwasaidia wangeanzia hapo: wakili wa kumsindikiza mtu hadi kwenye meza ile, na mkalimani wa Kiurdu au Kipunjabi atakayeyafikisha maneno yake kama alivyoyasema.